Seva Isiyo na Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iliwalenga wenye maduka na wenye majahazi, lakini leo yawahusu vilevile wenye kompyuta. Sehemu kubwa ya kazi za kompyuta hufanyika pasipo mtu kuitazama, na kazi isiyotazamwa haina shahidi mwingine ila maandishi yake yenyewe. Makala haya yanadai jambo moja: kwamba mwanafunzi asifundishwe kuiacha programu ifanye kazi peke yake kabla hajafundishwa mahali pa kuyaweka maneno yake.

Visima visivyo na mlinzi

Kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, karibu na mahali ambapo mto Ruvuma unaingia katika Bahari ya Hindi, iko rasi ya Msimbati. Mwaka 1982 kampuni ya AGIP ya Italia ilichimba kisima huko na kukuta gesi asilia. Kisima hicho kilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kutumika, mpaka kampuni ya Artumas ya Kanada ilipokirudia na kuchimba vingine. Na kufikia mwaka 2007 gesi ya Ghuba ya Mnazi ilikuwa ikiendesha mitambo ya umeme mjini Mtwara. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ambalo huichukua gesi iliyosafishwa Madimba na kuifikisha Dar es Salaam.

Msomaji anaweza kuuliza ni nani anayesimama kando ya visima na mabomba ya namna hii usiku na mchana, akitazama mgandamizo wa gesi, joto lake na kasi ya mwendo wake. Katika kazi za gesi popote duniani, mtu hawezi kusimama kila mahali. Vipimo huchukuliwa na vyombo, vyombo huvituma kwenye kompyuta, na kompyuta huendesha programu zisizolala. Kompyuta inayokaa tayari kupokea na kujibu maombi ya vyombo vingine huitwa seva, na jina hilo hupewa pia programu yenyewe inayofanya kazi hiyo. Ikiwa programu hiyo inaendelea na shughuli zake bila kushika kibodi wala skrini ya mtu, husemwa kwamba inafanya kazi nyuma ya pazia.

Si lazima seva iwe mtambo wa kiwanda. Shule ya sekondari ya pwani yaweza kuwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kiganja, ikiwagawia wanafunzi Wikipedia ya Kiswahili kwa kutumia Kiwix, au masomo ya hisabati na sayansi kwa kutumia Kolibri, bila intaneti yoyote. Thamani ya seva kama hiyo ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, wakati nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilipoharibika na intaneti ikadhoofika mno nchini Tanzania na katika nchi za jirani. Mwenye vitabu vyake ndani ya chumba chake hakuhitaji kungoja meli ya kutengeneza nyaya.

Basi kisima na shule vinakutana katika swali moja. Programu inayofanya kazi nyuma ya pazia husema maneno: imeanza, imepokea ombi, imekosa faili, imeshindwa. Maneno hayo yanakwenda wapi, ikiwa hakuna mtu mbele ya skrini?

Njia tatu za programu

Katika mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika Linux iliyoufuata, programu hupewa njia tatu tangu izaliwapo. Njia ya namba 0 huingiza maneno kutoka kwenye kibodi. Njia ya namba 1 hutoa majibu ya kawaida. Njia ya namba 2 hutoa malalamiko, yaani habari za makosa. Isipoelezwa vinginevyo, programu inayoanzishwa na mtu kwenye kibodi hupata njia zote tatu zikiwa zimefungwa kwenye terminali moja, yaani kibodi na skrini ya yule aliyeianzisha.

Zamani terminali hiyo haikuwa na skrini. Ilikuwa taipureta ya umeme iliyopiga chapa kila neno juu ya karatasi ndefu. Mashine hiyo ilikuwa na kelele na ilikwenda polepole, lakini ilikuwa na heri moja ambayo wengi wameisahau: karatasi ilibaki. Fundi aliyerudi asubuhi aliweza kuivuta karatasi na kusoma yaliyotokea usiku. Skrini ilipochukua nafasi ya karatasi, maneno yakawa ya kupita. Mstari mpya huusukuma wa zamani mpaka utoke juu na kutoweka. Tangu hapo kuhifadhi kukawa ni jambo la kukusudia.

Hata kule kutenganishwa kwa njia ya 1 na ya 2 kulitokana na adha halisi. Katika miaka ya 1970 watumishi wa maabara za Bell walikuwa wakipeleka maandishi kwenye mashine ya kupanga chapa kwa picha. Programu ilipokosa faili, lalamiko lake lilifuata njia ile ile ya majibu. Na mwenye kazi, baada ya kungoja na kusafisha karatasi, alipokea ukurasa wenye chapa nzuri sana usemao kwamba faili halikuweza kufunguliwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba yafaa malalamiko yawe na njia yake. Mwalimu akisimulia kisa hiki darasani, mwanafunzi hatasahau tena kwa nini kuna namba 2.

Seva inayokufa pamoja na skrini

Anayeanza kujifunza huambiwa kwamba akiweka alama ya & mwishoni mwa amri, programu itakwenda nyuma ya pazia. Maneno hayo ni kweli nusu. Alama hiyo humrudishia mtu kibodi yake ili aendelee na mambo mengine, lakini haigusi njia ya 1 wala ya 2. Seva inaendelea kumwaga maneno yake juu ya skrini ile ile, yakichanganyika na barua au hesabu anayoiandika mtu. Mwanafunzi huona kero, akadhani kompyuta imeharibika.

Kero hiyo ni ndogo kuliko hasara inayofuata. Na ichukuliwe kwamba mwalimu aliyeko Mtwara mjini ameunganisha simu yake na seva ya shule iliyoko Msimbati, akaianzisha kwa alama ya &, akaridhika, kisha mtandao ukakatika. Terminali yake imekufa. Mfumo hupeleka ishara ya namba 1 kwa programu zilizotegemea terminali hiyo, na programu isiyoelekezwa vingine ikiipata ishara hiyo hufa papo hapo. Asubuhi wanafunzi hawana vitabu, na hakuna mahali palipoandikwa sababu. Ishara hiyo bado inabeba jina la zamani za simu za waya: maana yake ni kwamba mtu wa upande wa pili ameweka mkono wa simu chini.

Amri ya nohup, ambayo imekuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970, iliundwa kwa ajili hiyo. Jina lake ni mkato wa maneno ya kuiambia programu isijali kukatwa kwa simu. Tena amri hiyo ina adabu ya zamani: ikiona kwamba njia ya majibu bado imefungwa kwenye terminali, huielekeza kwenye faili liitwalo nohup.out, ili maneno yasipotee. Lakini ni bora zaidi mwenye seva achague daftari mwenyewe. Kwa seva ya mfano iliyoandikwa kwa lugha ya Python, mstari mmoja watosha:

nohup python3 -u seva.py >> seva.log 2>&1 < /dev/null &

Kila sehemu ya mstari huu ina kazi yake, na ni vema mwanafunzi aieleze kwa maneno yake kabla ya kuutumia. Alama ya >> huelekeza majibu ya kawaida kwenye faili la seva.log na kuyaongeza mwishoni. Angeandika > moja, daftari la jana lingefutwa kila seva inapoanzishwa upya, yaani ushahidi ungeharibiwa wakati ule ule unapohitajika. Maneno ya 2>&1 husema kwamba malalamiko yafuate kule yalikokwisha kuelekezwa majibu. Kwa hiyo mpangilio una maana: katika amri isiyo na nohup, ukiyatanguliza maneno ya 2>&1 kabla ya >>, malalamiko yatafuata terminali, kwa kuwa wakati huo majibu yalikuwa bado huko. Alama ya < huifungia seva njia ya kibodi, isije ikangoja neno kutoka kwa mtu asiyekuwepo.

Dema lisilo na kitako

Katika mstari huo limetajwa jina /dev/null. Hilo ni faili la namna ya pekee lisilohifadhi kitu: linalosomwa kwake ni tupu, na linaloandikwa kwake hupotea. Kulitumia kwa njia ya kuingiza hakuna ubaya. Ubaya umo katika mazoea yaliyoenea ya kuyaelekeza huko majibu na malalamiko yote ya seva, ili skrini itulie. Mazoea hayo hufundishwa kama dawa, na mwanafunzi hupongezwa kwa kuwa kelele zimekwisha.

Mvuvi wa Msimbati hutega dema miambani akarudi nyumbani. Hakai majini kulitazama, na wala hahitaji, kwa maana dema lenyewe huhifadhi kilichoingia. Sasa na awaziwe mvuvi aliyetega dema lisilo na kitako. Akilikuta tupu, hawezi kujua kama samaki hawakupita kabisa, au walipita wengi wakatokea upande wa pili. Mwenye seva iliyonyamazishwa yuko katika hali hiyo hiyo. Kimya chake chaweza kuwa dalili ya afya au dalili ya mauti, naye hana njia ya kupambanua.

Wapo wasemao kwamba maneno mengi ya seva ni upuuzi, na kwamba hakuna mtu atakayesoma mistari elfu moja isemayo kwamba ombi limepokewa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahitimisha vibaya. Dawa ya maneno mengi ni kuyapanga kwa daraja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipokuwa akiandika programu ya kusafirisha barua za kompyuta, alibuni utaratibu uitwao syslog, ambao baadaye ulienea katika mifumo mingi. Utaratibu huo una daraja nane, kuanzia 0, ambayo ni hatari kubwa kabisa, hadi 7, ambayo ni maelezo madogo madogo ya kumsaidia mtengenezaji. Mwenye seva huamua ni kuanzia daraja ipi neno liandikwe. Anayeacha daraja ya 7 amepunguza kelele. Anayetupa zote nane amejipofusha.

Wengine husema kwamba siku hizi kazi hii hufanywa na mfumo wenyewe. Ni kweli kwamba katika Linux nyingi za leo systemd huianzisha seva kompyuta inapowaka, huifufua ikianguka, na huyakusanya maneno ya njia zote mbili katika daftari lake. Kwa seva ya kudumu, njia hii ni bora kuliko nohup, na shule zifundishe zote mbili. Lakini hata hapa haifai kuamini bila kuchungua. Katika baadhi ya mipangilio daftari hilo hukaa katika kumbukumbu ya muda tu, na umeme ukizimika linatoweka lote. Asiyejua njia tatu za programu hatajua hata kuuliza swali hilo.

Daftari linalozamisha chombo

Kinyume cha kutupa kila neno ni kuhifadhi kila neno milele, na hili nalo lina hasara yake. Hesabu ifuatayo yafaa kufanywa darasani. Seva inaandika mstari mmoja wenye herufi 120 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Basi kwa siku seva huandika herufi 10,368,000. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja, kwa hiyo hiyo ni megabaiti 10 na ushei kwa siku. Ikiwa kadi ya kumbukumbu ya shule imebakiwa na nafasi ya gigabaiti 3, itajaa baada ya siku 289 hivi. Seva iliyowashwa shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari itakosa nafasi katika siku za mwisho za Oktoba, wakati watahiniwa wa kidato cha nne wanapojiandaa kwa mtihani wa Novemba. Tena haitajaza nafasi ya daftari peke yake; itajaza nafasi ya kila kitu, na mengi yanayohitaji kuandika, hata yale yasiyohusiana na seva, yatasimama.

Kwa sababu hiyo daftari hugeuzwa kwa zamu. Faili la leo hupewa jina la jana, faili jipya hufunguliwa, mafaili ya zamani hufinywa, na yaliyozidi umri uliowekwa hufutwa. Katika Linux kazi hii hufanywa na programu iitwayo logrotate, kwa siku, kwa juma au kwa ukubwa wa faili, kama atakavyo mwenye seva.

Hapa pana fumbo ambalo limewachanganya hata mafundi. Seva ikishafungua faili, hushikilia faili lenyewe wala si jina lake. Fundi akilibadilisha jina, seva huendelea kuandika mle mle, chini ya jina jipya. Akilifuta, jina hutoweka katika orodha lakini nafasi ya diski hairudi, kwa sababu seva bado imelishika; na faili hilo lisiloonekana huendelea kukua. Mtu hutazama orodha asione faili kubwa lolote, ilhali diski imejaa. Ponyo ni kuiagiza seva ilifunge na kulifungua daftari upya, na seva nyingi hupokea agizo hilo kwa ishara ile ile ya kukatwa simu iliyotajwa hapo juu, ambayo kwa seva isiyo na terminali imepewa maana mpya. Mwalimu akilionyesha jambo hili kwa vitendo, atakuwa amefundisha kwa somo moja tofauti kati ya kitu na jina lake.

Neno la mwisho, na saa yake

Neno lenye thamani kuliko yote katika daftari ni lile la mwisho kabla ya seva kufa. Kwa bahati mbaya ndilo linalopotea kwa urahisi zaidi. Programu nyingi zikiandika kwenye terminali hutoa kila mstari unapokamilika. Lakini zikiandika kwenye faili hukusanya maneno kwanza, aghalabu baiti 4,096 au zaidi, ndipo huyamimina kwa mkupuo. Hufanya hivyo ili kuokoa muda, kama mbeba maji asiyekwenda kisimani kwa ajili ya kikombe kimoja. Lakini programu ikiuawa ghafla, maneno yaliyokuwa yakingoja hufa nayo. Herufi -u katika mstari wa mfano huiambia Python isikusanye. Hata baada ya hapo mfumo wenyewe huweza kuchelewesha kuandika kwenye diski kwa sekunde kadhaa, na umeme ukikatika katika muda huo, maneno hupotea. Mahali penye umeme wa kusitasita, betri ndogo inayoiwezesha kompyuta kujizima kwa taratibu ina faida kuliko kompyuta kubwa isiyo na betri.

Jambo la pili ni saa. Mstari usio na tarehe na saa ni ushuhuda wa mtu asiyejua siku. Raspberry Pi za matoleo ya awali hazikuwa na saa yenye betri ndani yake. Na toleo la 5, ingawa lina saa, huhitaji kuongezewa betri. Kompyuta hiyo hujua saa kwa kuuliza intaneti. Basi kule ambako hakuna intaneti, umeme ukizimika jioni na kurudi asubuhi, seva hudhani kwamba bado ni jioni ya jana, na daftari lake husema uongo bila nia mbaya. Hapana budi saa iongezwe, au mtu airekebishe saa kila baada ya kuzimika.

Zaidi ya hayo, seva nyingi huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Daftari likisema 22:15 ya tarehe 4, huku pwani ni 01:15 ya tarehe 5, na mwenyeji wa Msimbati huita wakati huo saa saba na robo usiku. Mlinzi wa shule aliyeona taa zikizimika saa saba na robo, na daftari lisemalo 22:15 ya siku iliyotangulia, vinashuhudia tukio moja. Mwanafunzi aliyezoea tangu utotoni kuhesabu saa kwa namna mbili ana ujuzi tayari wa kuvipatanisha.

Siri za wasomaji

Daftari linaloandika kila ombi huandika pia nani aliomba nini. Seva ya shule yaweza kuonyesha kwamba kompyuta fulani, saa fulani, ilifungua ukurasa unaohusu ugonjwa fulani au mimba. Seva iliyotungwa ovyo huandika hata maneno ya siri ya watumiaji. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata pasipokuwa na sheria, mwanafunzi anayejua kwamba kila swali lake litasomwa na watu ataacha kuuliza. Basi daftari liandike makosa ya mtambo kwa ukamilifu, na habari za watu kwa uchache uwezekanao. Lifungwe asilisome asiyehusika. Na lifutwe umri wake ukifika.

Shule zifanye nini

Bomba la gesi halikujengwa bila machungu. Mwezi wa Januari na wa Mei 2013 zilitokea ghasia mkoani Mtwara juu ya mpango wa kuichukua gesi hadi Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Jinsi ya kugawa mapato ya gesi ni jambo la siasa na uchumi, na lina mahali pake pa kujadiliwa. Lakini yako mapato mengine ambayo bomba haliwezi kuyasafirisha wala kuyazuia, nayo ni ujuzi wa kuielewa mitambo. Mtambo unaposimama kusini, na pasiwe na aliyehifadhi maneno yake wala awezaye kuyasoma, hapana budi mtaalamu aitwe kutoka mbali, tena aanze kwa kubahatisha. Palipo na daftari zuri, kijana wa kidato cha tatu aliyefundishwa vema anaweza kusema ni saa ngapi ulisimama, ulikosa nini, na ulikuwa ukilalamika tangu lini. Huo si ufundi wote, lakini ndio mlango wake. Na mlango huo hauhitaji mtaji wa kampuni kubwa. Wahitaji kompyuta moja kuukuu na mwalimu aliyekusudia.

Yapendekezwa basi kwamba somo la kompyuta katika shule za sekondari lianze zoezi la seva kwa daftari. Wanafunzi waianzishe seva ndogo, waione ikichafua skrini, waione ikifa terminali inapofungwa, kisha waielekeze ipasavyo. Baadaye mwalimu aiharibu kwa siri: afute faili moja, ajaze diski, au arudishe saa nyuma. Darasa lipewe daftari peke yake, bila ruhusa ya kuigusa seva, nalo litoe hukumu kwa maandishi, likionyesha mstari unaothibitisha kila dai. Zoezi hilo ni la sayansi kamili, kwa maana lamlazimu mwanafunzi atenganishe anachokidhani na anachoweza kukionyesha. Na ikiwa shule haina umeme siku hiyo, kurasa chache za daftari zilizochapwa kwenye karatasi zatosha, kama zilivyowatosha mafundi wa taipureta.

Kadhalika, kila shule iliyopewa seva na mfadhili au na Serikali iulize maswali manne siku ya kuipokea, kabla ya hotuba kwisha: maneno yake yanaandikwa wapi, yatafutwa lini, saa yake inatoka wapi, na ni nani hapa shuleni atakayeyasoma kila juma. Asipopatikana mtu wa kujibu swali la nne, na atafutwe miongoni mwa wanafunzi, apewe daftari la karatasi la kunakili aliyoyaona, na jina lake libandikwe mlangoni mwa chumba cha kompyuta.